Kijiti, Katriji na Pikipiki: Maabara Zilivyostahimili Siku za Janga

Mwishoni mwa Januari 2020, mwanafunzi mmoja aliyerejea Nairobi kutoka China alitengwa hospitalini. Nchi nzima ilikuwa na swali moja: anao ugonjwa mpya wa korona au hana? Jibu halikupatikana Nairobi. Sampuli yake ilifungashwa na kupandishwa ndege hadi Afrika Kusini, na siku chache baadaye majibu yakarudi kwamba hana.

Wakati huo, kusini mwa Jangwa la Sahara, maabara zilizoweza kupima kirusi kipya zilikuwa mbili tu: Taasisi ya Pasteur ya Dakar, Senegali, na taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza ya Afrika Kusini. Wiki ya kwanza ya Februari, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kiliwaita Dakar wataalamu wa maabara kutoka nchi kadhaa. Walifundishwa upimaji kwa siku tatu, wakarudi makwao. Hadi mwisho wa Machi, zaidi ya nchi 40 za Afrika zilikuwa zinapima zenyewe.

Habari hiyo husimuliwa kwa fahari, na wenye kazi yao wanaistahili. Lakini kujua kupima ni jambo moja, na kuendelea kupima kesho, kesho kutwa na mwezi ujao ni jambo jingine kabisa. Miaka ile ya UVIKO-19, na milipuko iliyoitangulia na iliyoifuata, ilionyesha kwamba maabara nyingi hazikukwama kwa kukosa ujuzi. Zilikwama kwa vitu vilivyo nje ya mlango wake: kijiti, barabara, umeme, ndege, kompyuta na imani ya watu. Zilizostahimili ni zile ambazo tayari zilikuwa na kazi ya kila siku iliyokuwa ikienda vizuri kabla ya janga.

Siku za kawaida mgonjwa huiona maabara kama dirisha. Anaacha kikopo cha mkojo au anatolewa damu, anaambiwa arudi saa nane kuchukua majibu. Kinachoendelea nyuma ya dirisha hakimhusu. Kwa hiyo inafaa kuifuata sampuli moja ya UVIKO-19 tangu inapochukuliwa hadi inapotoa jibu.

Mhudumu aliyevaa barakoa na glovu anaingiza kijiti chembamba puani hadi nyuma kabisa, pale pua inapokutana na koo, anakizungusha na kukitoa. Anakivunjia ndani ya kichupa chenye kimiminika maalumu, anabandika namba, anajaza fomu, kisha anakiweka kwenye boksi lenye barafu. Maabarani, mtaalamu anakaa mbele ya kabati la usalama linalovuta hewa, anaongeza dawa za kupasua ganda la kirusi na kutenga vinasaba vyake. Kisha, kwa pipeti ambayo ncha yake hutumika mara moja na kutupwa, anadondosha tone kwenye sahani yenye vishimo 96. Vishimo viwili au zaidi havipewi mtu. Kimoja kinawekewa sampuli inayojulikana kuwa na kirusi, kingine maji safi, ili mashine ikidanganya ijulikane. Sahani inaingia kwenye mashine ya PCR inayopasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, mara 40 hivi. Kama kirusi kipo, vinasaba vyake huongezeka maradufu kila mzunguko hadi mwanga wake uonekane kwenye skrini. Kazi nzima ni ya saa kadhaa, na karibu kila kitu kilichoguswa humo kimetoka mbali.

Chukua kijiti. Pamba ya kawaida iliyozungushwa kwenye njiti ya kiberiti haifai, kwa sababu mti na pamba vinaweza kuvuruga kipimo. Kinachotakiwa ni kijiti cha plastiki chenye nyuzi fupi za nailoni zilizosimama kama mahameli. Mwanzoni mwa 2020 viwanda vikubwa vya vijiti hivyo duniani vilikuwa viwili: Copan ya Brescia, Italia, na Puritan ya jimbo la Maine, Marekani. Brescia iko Lombardia, mkoa ambao ugonjwa uliushambulia kwanza barani Ulaya na kwa ukali mno. Katikati ya Machi, ndege ya jeshi la Marekani ilitoka Italia kwenda Memphis ikiwa imebeba vijiti 500,000. Taifa lenye maabara nyingi kuliko mengi duniani lilituma ndege ya kijeshi kufuata vijiti vya pua. Kama Marekani ilifika hapo, mtu anaweza kupima mwenyewe hali ya hospitali ya mkoa iliyokuwa ikisubiri mzigo wake bandarini Mombasa au Dar es Salaam.

Marekani hiyohiyo ilikuwa imejikwaa mapema zaidi. Vifaa vya kwanza vya kupimia vilivyosambazwa na kituo chake cha taifa cha kudhibiti magonjwa, mwanzoni mwa Februari, vilikuwa na kasoro. Sehemu yake moja ilichafuliwa wakati wa kutengenezwa, na nyingine ilikuwa na tatizo la usanifu. Kwa kuwa karibu nchi nzima ilitegemea kifaa hicho kimoja, na maabara nyingine hazikuwa na ruhusa ya kutumia vipimo vyao, wiki kadhaa zilipotea. Masharti yalilegezwa tarehe 29 Februari, wakati ugonjwa ulikuwa umeshaenea.

Kwa Afrika tatizo lilikuwa soko. Aprili 2020, mkurugenzi wa Africa CDC wakati huo, John Nkengasong, aliandika katika jarida la Nature akiomba bara hili liruhusiwe kuingia kwenye soko la vipimo. Fedha zilikuwepo, lakini bidhaa haikupatikana, kwa sababu nchi zaidi ya 70 zilikuwa zimeweka vizuizi vya kuuza nje vifaa tiba. Msaada ulikuja, ukiwemo ule wa mfuko wa Jack Ma ulioshuka Addis Ababa tarehe 22 Machi ukiwa na vipimo zaidi ya milioni moja, na ulisaidia kweli. Hata hivyo maabara haiwezi kupanga kazi ya mwezi ujao kwa kutegemea zawadi. Hapo ndipo Umoja wa Afrika ulipoanzisha, Juni mwaka huohuo, jukwaa la pamoja la ununuzi wa vifaa tiba mtandaoni, nchi ndogo na kubwa zikaagiza kwa sauti moja.

Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilipoadimika, akili ilifanya kazi. Rwanda ndiko kulikotoka mfano mzuri zaidi wa ukanda huu. Mtaalamu wa vinasaba Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, mwanahisabati Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS, na wenzao walijiuliza: kama walioambukizwa bado ni wachache, kwa nini kila mtu apimwe peke yake? Walithibitisha kwamba hata sampuli moja yenye kirusi ikichanganywa na nyingine 99 zisizo nacho, mashine bado inakiona. Ugumu ni kumpata mwenye nacho bila kurudia kuwapima wote. Mbinu yao inaeleweka kwa mchemraba. Panga sampuli 27 kama matofali, tatu kwenda juu, tatu kwenda kando, tatu kwenda ndani. Ukate vipande vitatu kwa kila upande, upate vipande tisa, na kila kipande kipimwe kwa mkupuo. Ikiwa mgonjwa ni mmoja, vipande vitatu vitaonyesha kirusi, na vinapokutana ndipo alipo. Watu 27 wamepimwa kwa vipimo tisa. Utafiti huo ulichapishwa katika Nature Oktoba 2020, na Rwanda iliutumia. Una mpaka wake: maambukizi yakishapanda, karibu kila mchanganyiko hutoa chanya na faida inapotea. Lakini katika miezi ile ya mwanzo uliokoa vitendanishi ambavyo havikuwa na mbadala.

Mbinu ya pili ilikuwa kugeuza mashine zilizokuwepo. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zina mashine ya GeneXpert, kisanduku kinachomezeshwa katriji yenye makohozi na kutoa jibu la kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi. WHO iliiidhinisha kwa kazi hiyo Desemba 2010. Machi 2020 katriji ya kupima kirusi cha korona kwa dakika 45 ilipata idhini ya dharura Marekani, na ghafla wilaya zisizokuwa na maabara ya PCR zikawa na uwezo wa kupima. Vivyo hivyo mashine kubwa za kuhesabu wingi wa VVU zilizokuwa kwenye maabara za taifa zikaanza kupokea sampuli za pua. Kilifi, maabara ya KEMRI-Wellcome Trust iliyozoea utafiti wa malaria na virusi vya njia ya hewa iliigeuza shughuli yake ikawa ya kupimia kaunti sita za Pwani, kuanzia Lamu hadi Kwale, na papo hapo ikawa inasoma vinasaba vya kirusi ili kujua aina zinazoingia.

Hapa ndipo gharama iliyojificha inapojitokeza, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Kisanduku kile cha GeneXpert kina nafasi chache za katriji. Nafasi iliyochukuliwa na korona si ya kifua kikuu tena. Mtaalamu aliyehamishiwa PCR hayupo kwenye hadubini. Ongeza amri za kutotoka nje, nauli zilizopanda na hofu ya kwenda hospitali, na matokeo yakaonekana katika takwimu za WHO zilizotolewa 2021: watu waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Wagonjwa hawakupungua. Waliopungua ni waliopimwa. Mwaka huohuo vifo vya kifua kikuu vilipanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja. Hao ni watu waliokohoa nyumbani huku dunia ikihesabu kikohozi kingine. Hesabu ya haki ya jinsi maabara zilivyostahimili janga lazima iwaingize na wao, na hesabu nyingi zilizotangazwa hazikuwaingiza.

Nchi tajiri nazo zilionja. Agosti 2021, Uingereza ilipungukiwa na mirija ya kuwekea damu, na huduma ya afya ya taifa ikawaagiza madaktari waahirishe vipimo vya damu visivyo vya lazima hadi katikati ya Septemba. Mirija yenyewe, si mashine wala wataalamu.

Sampuli nayo lazima isafiri, na hapo Uganda ilikuwa na kitu ambacho hakikujengwa kwa ajili ya janga. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, wizara ya afya ya nchi hiyo ilijenga mtandao wa vituo vipatavyo 100 vinavyokusanya sampuli. Mwendesha pikipiki hupita zahanati kwa zahanati, siku iliyopangwa, akiwa na boksi la barafu nyuma, na kuzipeleka kituoni. Kutoka hapo huenda maabara kuu ya Kampala. Mwendesha pikipiki huyo alizoea kubeba damu ya watoto wachanga kwa ajili ya kipimo cha VVU na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Machi 2020 nchi ilipofungwa na magari binafsi yakazuiwa barabarani, yeye tayari alikuwa anaijua njia, wahudumu walimjua, na fomu zake zilikuwa na mpangilio. Ghana ilitumia droni kubeba sampuli za korona kuanzia Aprili mwaka huo, na picha zake zilizunguka dunia. Pikipiki ya Uganda haikupigwa picha sana, lakini somo lake ni zito zaidi, maana ilikuwepo kabla ya dharura na ilibaki baada yake.

Mipakani mambo yalikuwa magumu. Aprili na Mei 2020, madereva wa malori walilazimika kupimwa Malaba, Busia na Namanga, na foleni zikafika makumi ya kilomita. Sampuli zilichukuliwa mpakani lakini majibu yalitoka mjini, na dereva alisubiri siku kadhaa akilala chini ya lori. Namanga ikazuka shida nyingine: dereva anaambiwa upande mmoja ana kirusi, upande wa pili hana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijibu kwa mambo mawili. Kwanza ni maabara tembezi tisa zilizogharamiwa na Ujerumani, mbili mbili kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na moja moja kwa Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Pili ni mfumo wa kidijitali wa kumwezesha dereva kubeba majibu yake kutoka nchi moja hadi nyingine. Kifaa kilikuwa rahisi kupatikana kuliko makubaliano ya kuaminiana majibu.

Kuaminiana ndiko kulikovunjika Dar es Salaam. Tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa kwa siri maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, zilirudi zikiwa chanya. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara alisimamishwa na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Africa CDC ilisema vipimo vilivyosambazwa havikuwa na kasoro. Tanzania haikutangaza takwimu tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kuijaribu maabara kwa sampuli za siri si kosa. Ni kazi ya kawaida kabisa inayofanywa na wasimamizi wa ubora, na kila maabara yenye ithibati hupelekewa sampuli za mtihani kila mwaka. Kinachotofautisha ni kinachofuata. Katika utaratibu wa ubora, jibu lisilo sahihi hufunguliwa jalada, chanzo hutafutwa hatua kwa hatua, kama ni uchafuzi, mashine au mtu, kisha hurekebishwa na kupimwa tena. Jibu likishatolewa kwenye mkutano wa hadhara kabla ya hatua hizo, hata maabara ikirekebishwa, wananchi wameshabaki na papai kichwani.

Majibu hupotea pia yakiwa yamekamilika. Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 mwaka 2020, karibu watu 16,000 wenye virusi hawakuingia kwenye takwimu za taifa kwa sababu mafaili ya maabara yalihamishiwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536. Maabara zilikuwa zimefanya kazi yake, lakini wafuatiliaji wa maambukizi hawakupata majina. Machi mwaka huo, hospitali ya chuo kikuu ya Brno, Jamhuri ya Czech, iliyokuwa na mojawapo ya maabara kubwa za kupima korona nchini humo, ilishambuliwa na wadukuzi hadi ikazima kompyuta zake. Juni 2024 hayo yakaikuta Afrika Kusini: huduma ya taifa ya maabara, yenye maabara zaidi ya 260 zinazohudumia sehemu kubwa ya wananchi, ilifungiwa mifumo yake na wadukuzi katikati ya mlipuko wa mpox. Mashine zilipima, lakini majibu hayakuweza kutumwa kwa kompyuta. Madaktari wakapigiwa simu kwa majibu ya dharura, kama ilivyokuwa zamani.

Afrika Kusini ilikuwa imeshapata pigo la aina nyingine. Novemba 2021, wataalamu wa huko na wa Botswana waligundua aina mpya ya kirusi, iliyokuja kuitwa Omicron, wakaitangazia dunia mara moja. Malipo yake yalikuwa kufungiwa safari za ndege. Mwanasayansi Tulio de Oliveira alionya kwamba ndege zikisimama, vitendanishi vya kusomea vinasaba vitaisha, na walioiamsha dunia watashindwa kuendelea na kazi. Adhabu hiyo haikuzuia Omicron kuenea. Ni moja ya makosa ya wazi ya janga lile, na hakuna sababu ya kulipaka rangi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imepitia haya kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1976 damu iliyotoka eneo la Yambuku ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwenye chupa ya chai, na kichupa kimoja kilivunjika safarini. Ndipo kirusi cha Ebola kilipogunduliwa, ng'ambo. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Ebola ilipoikumba Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, inayoongozwa na Jean-Jacques Muyembe, ambaye naye alikuwepo Yambuku 1976, ilisambaza mashine za GeneXpert Beni, Butembo, Goma na kwingineko. Sampuli takriban 220,000 zilipimwa hukohuko, katikati ya vita, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020. Lakini mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ililazimika kuonya kuhusu maabara ya INRB mjini humo: umeme ukikatika, majokofu yenye sampuli za virusi hatari, vikiwemo vya Ebola, yangekuwa mashakani.

Mwezi huohuo, nchini Tanzania, mkoa wa Kagera ulikuwa unatoa picha tofauti. Sampuli za kwanza za washukiwa wa ugonjwa wa Marburg zilikuwa zimerudi hasi, lakini upimaji haukusimama. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Kipimo kilifanyika kwanza kwenye maabara tembezi ya Kabyaile, mkoani humohumo, kisha kikathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko huo uliua watu kumi, na ulitangazwa kwisha Machi 13.

Siku hiyohiyo ya Januari 20, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Katika nchi nyingi za ukanda huu, mafuta ya pikipiki zinazobeba sampuli, vitendanishi vya VVU na hata mishahara ya baadhi ya wataalamu wa maabara vilikuwa vinalipwa na fedha hizo. Kwa hiyo msomaji anayefuatilia bajeti ya afya ya kaunti au halmashauri yake asiishie kuuliza idadi ya vitanda na magari ya wagonjwa. Aulize kama kuna kifungu cha vitendanishi, cha dizeli ya jenereta ya maabara na cha petroli ya pikipiki ya sampuli, na kifungu hicho kinatosha miezi mingapi.